Nilimkimbia Baba Mkwe Kliniki

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha nimejifungia bafuni na kopo la dawa mkononi, mume wangu akigonga mlango. Alikuwa anataka sabuni tu. Nilimpa sabuni, kopo nikalibana kwapani, tukaenda kunywa chai. Kwa hiyo waliotaka niumbuke siku ile, poleni. Leo mtafurahi.

Kwa aliyeokota gazeti sasa hivi: naitwa Esnath, mke wa Ackson, tunakaa Lupepo, nalima migomba na kuuza ndizi sokoni Tukuyu. Miaka saba iliyopita, nikiwa na mimba ya binti yetu Tulia, nilipimwa nikakutwa na virusi vya ukimwi. Wakaniambia nije na mume. Mume akasema, "Sisi si mwili mmoja? Nenda upime wewe, jibu lako ndilo langu." Nikaenda, nikarudi, nikamwambia, "Tuko salama."

Maneno mawili tu. Mtoto alizaliwa mzima kwa sababu nilimeza dawa kwa siri, na tangu hapo nikawa nameza kwa siri. Ackson naye miaka saba akatembea na jibu nililomtungia mimi.

Huo ni uongo wangu wa kwanza, mmeshanisema nao vya kutosha. Leo nawaletea wa pili. Huu ndio unaonitafuna.

Kabla sijaendelea, mgeni wa huku lazima aelewe jambo moja la kwetu Wanyakyusa. Kwa desturi ya zamani, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Humwangalii, humtaji jina, hukai alipokaa. Ukimwona njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Pale Bulyaga, Tukuyu mjini, nawaona wakwe wanakula meza moja na wanapigiana simu za kuulizana hali. Lakini mzee Ambindwile, ambaye jina namwandika tu, simtamki, baba yake Ackson, ni mtu wa zamani, na mimi nilipoolewa nilifuata yote kwa sababu nilitaka nionekane nimelelewa.

Tunakaa uwanja mmoja. Nyumba yake ile pale, yetu hii hapa, jiko katikati. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, mara mbili, nami popote nilipo najitupa jikoni. Miaka kumi na moja nilimjua mzee yule kwa kikohozi na kwa visigino vyake akishapita.

Mama mkwe alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo chakula cha mzee napika mimi, Tulia anampelekea. Sahani ikirudi tupu najua amekipenda. Hatukuwahi kusemezana hata neno moja, lakini nisiwadanganye, katika ukoo ule hakuna aliyeniheshimu kama yeye. Siku niliyojifungua alikaa nje ya uzio kwenye mvua mpaka aliposikia mtoto analia, ndipo akaenda kulala. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia.

Sasa twende kliniki.

Mimi dawa sichukulii karibu. Nani achukulie karibu? Kituo chetu cha afya kipo, unatembea kwa mguu, dawa zipo na wahudumu wapo. Lakini ukikaa kwenye benchi lile, kabla hujafika nyumbani habari imeshafika, imekaa, imepewa chai. Basi nikachagua kliniki ya mbali, upande mwingine kabisa wa wilaya, magari mawili halafu mguu. Kule siitwi Esnath. Kule mimi ni Jenifer wa Kyela. Siku yangu ni Jumanne, mara moja kila miezi mitatu.

Jumanne moja ya mwezi wa pili nimekaa zangu kwenye benchi, kanga kichwani, nasubiri zamu. Nesi Janeth, dada wa watu aliyehamishiwa huku kutoka Shinyanga, akatoa kichwa mlangoni.

"Julius! Julius wa Bulyaga!"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mara mbili.

Jamani! Mwili uliinuka wenyewe kabla akili haijajua kuna nini. Miaka kumi na moja ya kusikia kikohozi kile na kukimbia, utaizuia vipi? Niligeuka kutafuta pa kujificha, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamwona baba mkwe wangu usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Sikuwa najua.

Julius! Mzee Ambindwile mzima, mshirika wa kanisa, kajiita Julius wa Bulyaga! Naye alikuwa amewakimbia watu wa Lupepo. Naye alichagua kliniki ya mbali kuliko zote, akajipa jina ambalo si lake, na huko mbali kote akamkuta mke wa mwanawe.

Tulitazamana muda wa mtu kumeza mate. Kisha nikafanya nilichofundishwa. Nikajifunika kanga uso mzima, nikatoka mlango wa nyuma, nikavuka mfereji, nikapotea. Dawa sikuchukua. Kadi yangu niliiacha kwenye benchi.

Nesi alinipigia simu. Alhamisi nikarudi kimyakimya, akanipa kadi na dawa zangu, hakuuliza neno. Mimi nilijua mzee aliingia kwa zamu yake kama kawaida. Hata nilijisifu moyoni kwamba nimempisha, nimemtunzia heshima yake.

Mjinga mimi.

Nyumbani hakuna aliyesema kitu. Nani angesema, na amwambie nani? Mzee hawezi kusema nami, nami siwezi kusema naye, na Ackson hajui la huyu wala la yule. Tulikaa uwanja mmoja watu wawili wenye ugonjwa mmoja, jiko katikati.

Mwezi wa tatu sahani zikaanza kurudi na chakula. Mwezi wa nne zikawa zinarudi kama zilivyokwenda. Nikabadilisha mapishi, nikamwekea maziwa kwenye ndizi, nikamsagia karanga. Tulia akawa anarudi na sahani anasema, "Babu amesema ameshiba." Ameshiba nini?

Na kile kikohozi, kilichokuwa salamu yake kwangu, kikawa hakikatiki. Nikawa sijui mzee anapita au anaumwa. Nasikia kikohozi, najitupa jikoni, nangoja, hapiti mtu. Natoka, kinaanza tena, najitupa tena. Siku nyingine nilikaa jikoni mchana kutwa naogopa mtu ambaye hata kitandani hakuweza kuinuka.

Mwezi wa tano siku yangu ikafika. Nesi Janeth aliponihesabia dawa akainuka akafunga mlango.

"Jenifer, najua taratibu haziniruhusu kukuuliza hili. Yule mzee Julius. Siku ile wewe ulitoka kama nyumba inaungua, na yeye akageuka palepale, hakuingia. Unamfahamu?"

"Hakuingia?" nikauliza.

"Hakuingia, na hajarudi tena. Alikuwa ameanza dawa wiki mbili tu. Namba ya simu aliyotuachia haipo. Mhudumu wetu amemtafuta Bulyaga nyumba kwa nyumba, Julius wa umri ule hakuna. Daftari linasema ni mtoro. Lakini huyu si mtoro, mama, huyu ni mgonjwa, na kwa hali niliyomwona nayo, bila dawa hamalizi mwaka. Kama unamjua niambie neno moja tu. Mengine niachie mimi."

Neno lenyewe lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nikaanza kupiga hesabu za kijinga. Nikisema ni mkwe wangu, mhudumu atakuja Lupepo. Akija Lupepo, Ackson atauliza nani amemwelekeza. Ackson akiuliza, yale maneno yangu mawili yanakufa, na ndoa nayo inakufa.

"Simjui," nikasema.

"Kweli, Jenifer?"

"Nesi, mimi ni mtu wa Kyela. Wazee wa Bulyaga nitawajulia wapi?"

Aliniangalia. Kisha akafungua mlango, akaita mwingine.

Haya, nimeshasema. Petro alimkana mtu akiogopa askari wenye mapanga. Mimi nilimkana mzee wa watu nikiogopa mume ambaye hajawahi hata kunipiga kofi. Nikazitia dawa zangu za miezi mitatu kwenye mfuko wa maharage, nikarudi nyumbani kumpikia mtu niliyesema simjui. Mnaotaka kunitukana, tukaneni, nimekaa nasikiliza.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita akaja wifi yangu Prisca, dada mkubwa wa Ackson, aliyeolewa Mbeya mjini. Aliingia kwa baba yake akakaa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaja moja kwa moja jikoni.

"Baba amebaki mifupa. Nani anampikia?"

"Mimi, wifi."

"Ndiyo nakuuliza sasa. Unampikia nini?"

Ackson alikuwa pale pale, anafuta pikipiki yake. Nilimwangalia aseme kitu. Akaendelea kufuta pale alipokwisha kufuta.

"Mama alianza hivihivi," Prisca akasema, sasa analia. "Tukasema ni kifua, ni kifua, mpaka tukazika. Kwa baba sikubali. Jumatano nakuja na gari, nampeleka Chunya, kuna mtaalamu wa kienyeji kule anaangalia watu. Na kuanzia leo chakula cha mwanamke huyu baba asile."

"Wifi, kwanza apelekwe hospitali akapimwe," nikasema.

"Apimwe nini? Baba ni mgane, ni mtu wa kanisa. Wewe unataka kumpima nini baba yangu?"

Nikanyamaza. Nilivyonyamaza ndivyo nilivyojimaliza, maana Ackson aliinua macho, na jinsi alivyonitazama nikajua naye ameanza kujiuliza nimemwekea baba yake nini kwenye sahani. Kumi na moja, jamani. Miaka kumi na moja.

Jumapili Ackson na Tulia wakaenda kanisani. Mimi nikasingizia tumbo.

Walipopotea kwenye kona, nikasikia kikohozi. Safari hii sikujitupa jikoni. Nilichukua kigoda, nikaenda mpaka chini ya dirisha la mzee, nikakaa nimeupa ukuta mgongo, nikaangalia migomba.

"Tata," nikasema. Kwetu baba ndivyo anavyoitwa. "Sikutazami. Nimekupa mgongo. Mimi Mama Tulia."

Kikohozi kikakatika.

"Tata, kule kliniki mimi nilikuona, na wewe uliniona. Zile dawa zinasaidia. Mimi huu mwaka wa saba, na mkungu wa ndizi nabeba mwenyewe mpaka barabarani. Rudi ukachukue. Kama unaogopa nitasema kwa watu, siwezi kusema. Nakuapia."

Jogoo wa jirani akapita, akanichungulia, akaenda. Nikadhani nimemuudhi, nimevunja adabu na wala sikupata nilichokifuata. Nikaanza kuinuka.

"Sikuogopa utasema."

Nilirudi chini. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko kikohozi chake. Sikuwahi kuisikia ikisema na mimi, na niliona aibu kama binti wa juzi.

"Sasa tata, mbona hukurudi?"

"Uliondoka bila dawa," akasema. Akapumzika kidogo. "Kadi yako niliiona pale kwenye benchi. Nikasema, huyu mtoto Jumanne nyingine akinikuta tena, atakimbia tena, atakaa bila dawa. Naye ana Tulia wa kulea. Mimi wa kulea sina. Kama njia ni moja na tuko wawili, mmoja ampishe mwenzake. Nikakupisha."

Nililia, jamani. Nililia mpaka kanga ikalowa, mdomo nimeuziba nisisikike, halafu nikakumbuka kwamba hakuna mtu wa kunisikia ila yeye.

"Tata, mimi naenda mara moja tu kwa miezi mitatu. Jumanne nyingine zote sikuwepo."

Nikasikia kitanda kikilia, amejigeuza.

"Na siku inabadilishwa, tata. Unamwambia nesi nipe Alhamisi, anaandika Alhamisi."

"Alinipa Jumanne," akasema. "Sikujua inabadilishwa."

Angejulia wapi? Kwa mzee kama yule, nesi akikuandikia Jumanne, ni Jumanne mpaka kufa. Aliyejua ni mimi. Ningetamka neno moja kwa nesi Janeth mwezi wa tano, angempangia siku yake kwa kalamu tu. Nikasema mimi ni mtu wa Kyela.

"Nisamehe, tata."

"Ndaga," akasema. Ndiyo asante yetu. "Ndaga kwa chakula. Kile cha maziwa kilikuwa kitamu, ila hakikupita."

Nikamwambia kesho kutwa, Jumanne, kabla Prisca hajafika na gari lake, lazima afike kliniki. Akasema miguu haipo tena. Nikamwambia Ackson atambeba kwa pikipiki, njia za ndani.

"Ackson anajua?"

"Atajua."

Nikasikia anavuta pumzi kwa shida. "Ya kwangu mwambie," akasema. "Ya kwako ni yako. Usiyatoe kwa ajili yangu."

Jumanne palikucha na ukungu na baridi, ile baridi yetu ya mwezi wa sita. Tulia akaenda shule. Kutoka kule nyumba ya mzee nikasikia anajivalisha mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Nilisikia koti, nikasikia kimya, nikasikia kiatu kimoja, kimya, kiatu cha pili. Kisha kigoda kikaburutwa mpaka nyuma ya mlango. Amejiweka tayari kabla hata mwanawe hajaambiwa.

Nikamfuata Ackson kwenye pikipiki.

"Baba Tulia, leo mpeleke baba kliniki. Kesho Prisca akimchukua kwenda Chunya, hatutamwona tena mzima."

"Kliniki gani?"

"Ya dawa za kila siku. Alianza, akaacha."

Alicheka. Kisha akaona sicheki. "Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Yeye mwenyewe."

"Baba? Baba amesema na wewe?" Akaacha kitambaa chake. "Mama Tulia, baba hajasema na wewe tangu nikuoe. Leo akwambie wewe jambo la namna hiyo, mimi mwanawe aniache? Umeyatoa wapi haya?"

Msidhani sikuwa na uongo wa tatu. Nilikuwa nao, tena mzuri, nimeuandaa tangu Jumapili: kuna mwanamke wa sokoni, ana ndugu anayefanya usafi kule kliniki. Angeamini. Nikafungua mdomo niuseme, nikatazama mlango wa mzee, nikajua nyuma yake amekaa mtu kwenye kigoda, amevaa koti la kanisani, na anasikia kila kitu. Yule aliniachia njia miezi minne.

"Nilimwona kule kule," nikasema. "Na mimi ni wa kule."

"Wa kule unafanya nini?"

"Nachukua dawa."

"Za nani?"

"Zangu."

Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika. Alitikisa kichwa kwa upole, kama anamsahihisha Tulia hesabu zake za darasa la kwanza.

"Hapana, Mama Tulia. Sisi tulipima. Ulipokuwa na mimba. Tulipima, tukaambiwa tuko salama."

"Nilipima mimi, Baba Tulia."

"Ndiyo. Tulipima."

"Nilipima mimi peke yangu, wakanikuta nao, nikakudanganya. Wewe hujawahi kupima."

Akaangalia mikono yake, huku na huku, kama imeandikwa kitu. "Miaka saba," akasema. Kisha akasema, "Mwaka juzi nilipougua mwezi mzima, nikikuuliza ni nini hiki, ulisema malaria."

Nilisema malaria. Ni kweli.

Akapanda pikipiki. Nikashika kiti cha nyuma kwa mikono miwili.

"Baba Tulia, nichukie ukirudi. Nifukuze, mwite Prisca anifukuze. Lakini kwanza mchukue baba. Amekaa pale mlangoni anakungoja. Amevaa."

"Toa mkono."

"Ackson!"

"Nimesema toa mkono!"

Nilitoa. Alishuka kwenye njia ya migomba bila kugeuka, nikausikiliza mlio mpaka barabarani, mpaka ukaisha. Alikwenda wapi? Leo ninapowaandikia nimejua, na ningetamani nisijue, lakini asubuhi ile sikujua, wala sikuwa na nafasi ya kufikiri.

"Mama Tulia." Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Hakuwahi kuniita. "Hiyo pikipiki imeondoka na nani?"

"Imeondoka na Ackson, tata."

Akakohoa, kikamshika muda mrefu. Nikangoja kiishe.

"Haya," akasema. "Basi ngoja nivue viatu."

Nilisimama pale uwanjani. Kliniki ya mbali nisingeweza kufika naye kwa namna yoyote ile. Kituo cha jirani ningefika, kile cha benchi lile, ambapo Lupepo nzima inapita na vikapu vyake asubuhi. Wangeniona mimi. Wangemwona yeye. Wangemwona mkwe amembeba mkwe wake mgongoni, jambo ambalo hata kulisema kwetu ni matusi. Mkungu wa ndizi nabeba kila wiki, na mzee alikuwa amebaki mwepesi kuliko mkungu.

Nikaifungua kanga kiunoni, ile niliyombebea Tulia, nikaikunja vizuri begani.

"Usivue viatu, tata."

Alinisikia nikisogea. Kigoda kikaburutwa nyuma.

"Mwanangu," akasema, na sasa sauti ilikuwa na woga, "usiingie. Nakuomba. Mimi ni mkweo, usiingie."

Nikaweka mkono kwenye mlango.

"Tata," nikasema, "fumba macho. Naingia."